Kinga ya Kisu ni ya Mkono wa Mtu: Maneno kwa Mafundi wa Chuma, Kisumu

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya mafundi wa chuma, vijana wanaojifunza kazi na akina mama wa samaki, hapa Kisumu. Tunaiweka yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.)

Mwenyekiti, wazee wetu wa karakana, mama zetu kutoka Dunga na Obunga, na nyinyi vijana mliofunga kazi mapema ili mje, hamjambo? Ahsanteni kwa kuja.

Naomba kila mtu atazame kidole chake cha shahada, upande wa ndani, pale kinapokunjika. Ni wangapi mna kovu hapo? Inueni mikono. Sasa geukeni mtazame nyuma, pale walipokaa mama zetu wa samaki. Mmeona? Mikono yao imezidi ya mafundi.

Kovu hilo lina sababu moja. Mkono ulikuwa na utelezi, mtu akasukuma kisu mbele, ncha ikagonga mfupa, kisu kikasimama. Mkono haukusimama. Uliteleza juu ya mpini ukaenda kukutana na makali. Kati ya mpini na makali kulikosekana kipande cha chuma kisichozidi kiberiti kwa ukubwa, au kilikuwapo lakini kimelegea. Kipande hicho ndicho kinga, na wengine hapa mnakiita gadi. Nimeombwa niseme habari zake: tuitengeneze kwa metali gani, na tuifunge vipi kwenye kisu.

Nitasema mengi, lakini neno langu ni moja, na nitalirudia mpaka mlichoke. Kinga hushikwa na tupa. Hushikwa na jinsi ulivyoipachika kabla hujawasha moto, kabla hujachanganya gundi. Lehemu, ribiti na gundi ya epoksi huja baadaye kusaidia. Fundi anayetegemea lehemu imzibie mwanya alioacha mwenyewe, huyo hajafunga kinga.

Tuanze na mtu. Kisu hiki ni cha nani? Anakifanyia nini? Kisu cha kukatia sukuma wiki hakihitaji kinga. Kisu kile hugonga ubao kwa makali yote, kuanzia kisiginoni mpaka nchani, na kinga ingezuia kisigino kifike chini. Lakini kisu kinachokwenda mbele kwa ncha, kisu cha kupasulia mbuta, yaani sangara, cha kuchunia ngozi, cha kutenganisha nyama na mfupa, hicho msimpe mtu bila kinga. Tafadhali, msimpe.

Yuko mama mmoja pale ufuoni Dunga, amekaa katika kazi ya ngege, yaani sato, miaka mingi kuliko umri wa baadhi yenu. Alikuwa na kisu cha bapa la msumeno wa chuma, mpini umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Alipojikata mara ya mwisho akaenda kwa fundi akamwambia, niwekee kinga, na uifanye kubwa. Fundi akatii. Akaweka kinga inayotokeza juu na chini, ndefu kama ya upanga. Mama akarudi nayo baada ya muda mfupi. Kwa nini? Kwa sababu ile ya juu ilikuwa inagonga kidole gumba chake anapokandamiza mgongo wa kisu, na ile ya chini ilikuwa inakwama kwenye tumbo la samaki. Ikabidi ya juu ikatwe yote, na ya chini ipunguzwe ibaki kama sentimita moja hivi, ikaviringwa kingo isiwe na kona. Hadi leo anafanya kazi nacho.

Je, fundi alikosea kumsikiliza? Hapana. Ila kumsikiliza mteja ni pamoja na kumwomba akishike kisu mbele yako, akate kitu, wewe ukitazama vidole vyake vinapokaa. Kinga ni ya mkono wa mtu. Upime mkono huo.

Sasa metali. Najua wengi mmekuja kwa ajili ya brasi, na brasi inastahili sifa yake. Hukubali tupa, hukubali msasa, hung'aa, haishiki kutu, na lehemu huipenda. Ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Lakini wangapi mnajua kwamba brasi si moja?

Chukueni fimbo mbili za brasi mtoboe kila moja kwa drili. Moja itatoa unga na vipande vifupi vinavyoruka. Nyingine itatoa nyuzi ndefu zinazojikunja. Ile ya unga imetiwa risasi kidogo, ile metali laini yenye sumu, mara nyingi karibu asilimia 3, ili ikatwe kwa urahisi kwenye mashine. Ndiyo brasi ya mabomba, ya vali, ya nati. Inafaa kwa kuchonga kinga, lakini ukiigonga kwa nyundo iwe kichwa cha ribiti, hupasuka kingoni. Ile ya nyuzi ndefu ndiyo ya kufuliwa. Ukichanganya hizi mbili bila kujua, utalaumu nyundo yako bure. Na kwa sababu ya hiyo risasi, nawaomba: mkipiga msasa brasi ya bomba la maji, funikeni pua na mdomo, na mnawe mikono kabla hamjagusa chakula.

Halafu kuna jambo linalonitia uchungu. Wapo vijana wanaokusanya mabomba mabovu na kuyayeyusha wamimine kinga zao wenyewe. Brasi huyeyuka kwenye nyuzi 900 na kitu za Selsiasi. Zinki iliyomo ndani yake huchemka kwenye nyuzi 907. Mnaona hatari iko wapi? Brasi inapoanza kuyeyuka, zinki nayo iko tayari kupaa. Ule moshi mweupe mnaouona ni zinki inayoungua.

Nawajua vijana wawili waliofanya kazi hiyo ndani ya chumba cha mabati, mlango umerudishwa kwa sababu ya mvua. Usiku wakaanza kutetemeka, kichwa, viungo, homa. Hapa kwetu mtu akitetemeka tunasema nini? Malaria. Wakapimwa, hakuna malaria. Aliyewapima ndiye aliyewauliza mnafanya kazi gani, na hapo ndipo ikajulikana. Homa ile hupita ndani ya siku moja au mbili kwa watu wengi, na ndiyo maana inadharauliwa. Msiidharau. Risasi iliyokuwa ndani ya yale mabomba haipiti upesi namna hiyo. Mnunue brasi ya bapa, au mkate kinga kwenye kipande kizima bila kukiyeyusha. Na chuma chochote kilichopakwa zinki, kama bomba la maji la mabati, kisipelekwe kwenye moto wa karakana hata siku moja.

Nikiwa bado kwenye vyuma chakavu, niseme na hili. Kenya ina sheria ya vyuma chakavu ya mwaka 2015, na biashara hiyo inahitaji leseni. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta aliisimamisha biashara yote kwa muda, kwa sababu nguzo na nyaya za umeme zilikuwa zikiibwa. Mafundi wasio na kosa waliumia. Kwa hiyo mtu akikuletea mita ya maji, au shaba nyekundu ya waya mnene ambao hajui kueleza ulikotoka, mkatae. Mita ile iling'olewa kwenye nyumba ya jirani yako, na leo anateka maji kwa ndoo.

Alumini? Sina maneno mengi. Ni laini, na sufuria mbovu ziko kila mahali, kwa hiyo inashawishi. Lakini ina ngozi ngumu ya kutu yake isiyoonekana, na lehemu ya kawaida haishiki juu ya ngozi hiyo. Ikikutana na chuma mahali penye chumvi na maji, alumini ndiyo huliwa, inageuka unga mweupe chini ya mkono wa mteja. Akina mama wanaopaka mbuta chumvi wanajua ninachosema. Iacheni alumini kwa sufuria.

Stenlesi ndiyo ninayoipendekeza kwa visu vya samaki. Ile inayopatikana kwa wingi ina kromu karibu asilimia 18 na nikeli karibu 8, na sumaku haiishiki vizuri. Ina ukaidi wake. Ukiitoboa kwa kasi na mkono mwepesi, inakuwa ngumu pale pale chini ya drili, na hapo utachoma keekee tatu bila kupita. Drili iende polepole, mkandamizo uwe mzito, mafuta yawepo, na usiiache izunguke bila kukata. Mwenye subira ataiweza.

Na chuma cha kawaida, bapa laini linalouzwa kila duka la vifaa hapa mjini, kwa nini tunaliona haya? Kwa kisu cha shamba, kwa kisu cha mchungaji, mimi huchagua hilo. Linashika kutu, ndiyo, lakini hata bapa la kisu chenyewe linashika kutu, na mwenye kisu ataupaka mafuta mwili wote kwa mkono mmoja. Chuma kwa chuma hakuna ugomvi kati yao. Brasi na chuma kuna ugomvi, na si brasi inayoumia. Maji ya chumvi yakiingia kati ya kinga ya brasi na bapa la springi ya lori, springi ndiyo inayoliwa, tena upesi kuliko kama ingekuwa peke yake. Brasi itabaki inang'aa mbele ya macho ya watu, na nyuma yake msuka, ule mkia wa bapa unaoingia ndani ya mpini, unaoza. Nyie mnaouza visu vya kupendeza, mlifikirie hilo. Uzuri wa kinga ya brasi unadai kazi isiyo na mwanya.

Na hapo ndipo tunafika kwenye tupa.

Kabla ya reli kufika hapa Kisumu mwaka 1901, watu wa sehemu hizi walikuwa wanalima kwa majembe ya chuma cha kwao. Vilima vya Samia, kule Busia, vina mawe ya chuma, na wahunzi wa huko waliyayeyusha na kufua majembe yaliyobadilishwa kwa mifugo na nafaka mbali na kwao. Sisi si wageni katika kazi hii. Mzee aliyenifundisha mimi kupachika kinga alitoka upande huo, na karakana yake haikuwa na umeme.

Mzee yule alikuwa na koroboi. Nilidhani ni ya kuangazia. Siku ya kwanza aliponipa kinga niipachike, niliichonga tundu, nikaisukuma kwenye msuka, ikakwama kabla ya kufika mabegani, pale msuka unapokutana na bapa. Nikachukua nyundo. Mzee akaishika nyundo mkononi mwangu, hakusema neno. Akawasha koroboi, akaupitisha msuka juu ya moshi mpaka ukawa mweusi wote. Akaisukuma kinga kwa mkono, akaitoa. Ndani ya tundu kulikuwa na madoa mawili meusi, madogo kama punje za mtama. Akasema, toa hapo tu. Nikatoa hapo tu, nikapaka moshi tena, nikasukuma tena. Kazi ikaenda hivyo mpaka jioni, na kinga ilipofika mabegani ilifika kwa kukandamizwa na kidole gumba, ikatulia, na tulipoinua kisu kuelekea jua hatukuona hata uzi wa mwanga.

Ndugu zangu, huo ndio ufundi wote. Leo mna kalamu ya wino badala ya moshi, mna tupa ndogo nzuri kuliko zake, lakini hakuna njia nyingine. Sikilizeni jinsi ya kwenda.

Mabega ya kisu, pale bapa linapoishia na msuka unapoanza, yawe sawa pande zote mbili. Bega moja likitangulia hata kwa upana wa unywele, kinga itakaa upande na hakuna lehemu itakayoinyoosha. Funga bapa kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya chuma vilivyonyooka, upige tupa mpaka mabega yalingane navyo. Lakini ile kona ya ndani, pale bega linapokutana na msuka, msiifanye kali. Iacheni na mviringo mdogo. Kona kali ni mahali ambapo ufa huanzia, na kisu kikipigwa kwa nguvu kitakatika hapo hapo. Ili mviringo ule upate nafasi, kwangueni kidogo mdomo wa tundu la kinga upande wa mbele.

Msuka wenyewe upungue unene polepole kuelekea mwisho. Kwa nini? Kwa sababu unataka kinga iteleze kwa urahisi safari yote, halafu ibane pale mwishoni tu, milimita mbili tatu kabla ya mabega. Msuka wenye unene mmoja mwanzo mpaka mwisho utabana njia nzima na kuchakaza tundu, na ukifika mwisho umeshalegea.

Tundu: kama msuka una unene wa milimita 4, chukua keekee ya milimita 3 na nusu. Toboa matundu yaliyojipanga katikati ya mstari, yasiguse mstari. Unganisha kwa tupa nyembamba. Ukibakisha kidogo, utapata cha kutoa. Ukitoboa kwa keekee ya 4 ukidhani unaokoa muda, hakuna tupa inayorudisha chuma. Kinga iliyolegea ni kama jino linalotikisika: halitakaza lenyewe.

Kuna watu wataniambia, mzee, mteja anasubiri, siku nzima kwa kinga moja haiwezekani. Naelewa. Siku ya kwanza ni siku nzima. Baada ya kinga kadhaa itakuwa saa mbili, baadaye saa moja. Lakini mkianza na mkato wa njia, mtabaki na mkato wa njia.

Haya, kinga imekaa. Tunaifungaje?

Nianze na ile ambayo nataka mwiache: kuchomelea kwa mashine ya umeme. Najua iko kila mahali, kuanzia Kibuye mpaka Kondele. Najua inachukua dakika moja. Sasa nisikilizeni habari ya muuza nyama mmoja wa njia ya Ahero. Alikuwa na kisu cha springi ya lori, kizuri, kizito, kinga imechomelewa pande zote mbili kwa mstari nadhifu kabisa, ungeupenda. Akakipiga kwenye kiungo cha paja la ng'ombe, kikakatika mbele ya kinga, kipande kikaruka. Kwa neema ya Mungu hakuna aliyekuwa upande ule. Aliniletea vipande viwili. Weld, ule mshono wa kuchomelea, haikuwa imeachia hata kidogo. Kilichokatika ni chuma kilichokuwa kando yake, na mahali kilipokatika palikuwa na chembechembe zinazometameta, bila dalili ya kupinda.

Kwa nini? Springi ya lori ina kaboni karibu asilimia 0.6. Ncha ya elektrodi inayeyusha chuma kwenye nyuzi zaidi ya 1,500. Pembeni mwa weld chuma kinafika wekundu wa moto, halafu mwili wa kisu, ambao bado ni baridi, unaunyonya ule moto ghafla. Umefanya nini hapo? Umekichovya chuma, sawasawa na kukitia kwenye mafuta, na hujakirudisha kwenye moto mdogo wa kukipunguza ugumu. Pamekuwa pagumu kama chupa na pepesi kuvunjika, tena mahali ambapo kisu hupokea nguvu nyingi kuliko pote. Weld nzuri juu ya springi ndiyo hatari zaidi, kwa sababu haitoi onyo. Niwaombe tena: msichomelee kinga kwenye springi.

Lehemu, basi. Hapa pia kuna mbili. Kuna ile ya fedha inayotaka moto mkali, zaidi ya nyuzi 600. Hiyo inaua ugumu wa kisu chako. Wengi wetu tunakirudisha kisu kwenye moto mdogo wa nyuzi 200 hivi baada ya kukichovya, na rangi yake inakuwa ya majani makavu. Kikifika rangi ya samawati, karibu nyuzi 300, makali yamelainika. Sasa nyuzi 600 zitakuachia nini?

Lehemu ya kinga ni ile laini, ya bati lenye fedha kidogo, inayoyeyuka kwenye nyuzi 221. Usitumie ile ya mafundi redio ikiwa ina risasi. Kisu cha chakula na risasi havikai pamoja. Kwanza safisha kila kitu mpaka chuma kibaki kitupu. Paka dawa ya kulehemu, na kwa stenlesi upate dawa kali zaidi. Simamisha kisu kwenye jiliwa ncha ikitazama juu, bapa limezungushiwa kitambaa chenye maji. Moto upige kinga kutoka chini, upande wa mpini. Usiupeleke moto kwenye bapa, wala usiupeleke kwenye lehemu. Gusisha lehemu mbele, pale kinga inapokutana na bapa, na usubiri kinga yenyewe iiyeyushe. Lehemu hufuata moto: itavutwa ndani ya mwanya mpaka itokeze upande wa pili. Tazama rangi ya chuma kando ya bega. Ukiona majani makavu, sawa. Ukiona inaelekea zambarau, ondoa moto.

Na ukimaliza usiende nyumbani. Ile dawa ni asidi. Osha kwa maji ya magadi, suuza, kausha, paka mafuta. Visu vingi vinavyosemwa kwamba lehemu imevipa kutu, ni dawa iliyoachwa ndani.

Ribiti ni za msuka mpana, ule unaoonekana kingo zake kwenye mpini, ambapo kinga ni vipande viwili vya ubavuni. Matundu kwenye msuka yatobolewe kabla kisu hakijachovywa, kwani baadaye keekee za kawaida zitalia tu. Fimbo ya ribiti itoke katika brasi ile ile ya kinga, ile ya nyuzi ndefu. Midomo ya tundu ipanuliwe kidogo nje, fimbo ibaki imetokeza milimita 2 kila upande, halafu gonga kwa nyundo yenye kichwa cha mviringo, kidogo kidogo, geuza, gonga, geuza, mpaka ijaze ule upana. Ukipiga tupa, kichwa kitatoweka kabisa na kinga itaonekana kana kwamba haijashikwa na kitu. Mimi kazi hii naipenda kuliko zote. Haina moto, haina dawa, na haiachii.

Epoksi ina heshima yake pia. Haibebi kinga, ila inazuia maji, na kwa kinga ya stenlesi iliyopachikwa vizuri ndiyo njia ninayoitumia zaidi. Kwaruza kwa msasa wa 80, futa kwa spiriti, usiguse tena kwa vidole. Chukua ile inayokauka polepole, iache mpaka kesho yake. Ile ya dakika tano iacheni kwa kazi nyingine. Na mwambieni mteja asichemshe kisu, wala asikiache ndani ya maji ya moto, kwa sababu epoksi ya kawaida hulegea kabla maji hayajachemka.

Jambo dogo lakini linawaaibisha wengi: uso wa mbele wa kinga ung'arishwe kabla ya kufungwa. Ukishafunga, tupa haifiki kwenye kona ile, na ukilazimisha utalikwaruza bapa.

Mwisho, kabla mpini haujawekwa, ipimeni kinga. Paka chaki upande wa nyuma wa kinga, kuzunguka msuka. Weka mafuta ya taa upande wa mbele kwa brashi, uende ukanywe chai. Mafuta ya taa hupenya mahali ambapo maji yangechukua mwezi. Ukirudi ukute chaki imelowa, kuna mwanya, na afadhali uujue wewe leo. Chaki ikiwa kavu, futa kila kitu kwa spiriti uweke mpini.

Pale mezani kuna jiliwa tatu, koroboi, tupa, chaki na mafuta ya taa. Waliokuja na visu vyenye kinga, vileteni tuvitoe mipini tuvijaribu sasa hivi, tukianza na vya mama zetu wa Dunga, kwa sababu wao wana samaki wanaowasubiri. Ambavyo chaki yake italowa, tutavifungua hapa hapa mbele ya watu wote na kuvipachika upya. Vijana, njooni karibu, msikae kule nyuma.